Gambiti si Kubeti

Wasee, leo naanza na mchezo niliopoteza. Zile nilizoshinda mmeshaziona.

Ilikuwa Jumamosi mchana, Jeevanjee Gardens, katikati ya tao. Kama unapajua unajua vile kunakaa: wahubiri wako upande huu, Bunge la Mwananchi upande ule wanabishana siasa, na wazee wa drafti wako na vifuniko vyao vya soda. Sisi wa chesi ni wachache. Tunatafuta benchi yenye kivuli, tunatandika ubao, tunaanza.

Mpinzani wangu alikuwa mzee mmoja aliyestaafu kufundisha shule ya msingi. Sisi humwita Mwalimu tu. Mimi nilikuwa na kete nyeupe, na nilikuwa nimeegemeza simu kwenye chupa ya maji, inarekodi. Kichwa cha video nilikuwa nacho tayari kabla mchezo uanze: nitamchapa mzee kwa hatua 20.

Askari wangu e4, wake e5. Farasi wangu f3, wake c6. Askofu wangu c4, wake c5. Mpaka hapo ni kawaida, ni kama kusalimiana. Halafu nikasukuma askari mwingine mpaka b4, nikamweka mbele ya askofu wake bila mtu wa kumlinda. Yaani nilimwambia: mle huyu, ni wa bure. Hiyo inaitwa Gambiti ya Evans. Vijana waliosimama nyuma wakasema "aiii!" Nikajua video imeiva.

Mwalimu akamla. Nikasukuma c3, askofu wake akarudi a5. Nikaja d4, mashambulizi yananukia. Yeye akasogeza d6, polepole. Nikaficha mfalme wangu. Na hapo, badala ya kung'ang'ania kula zaidi, akamrudisha askofu wake nyuma mpaka b6. Nikachukua askari e5, naye akachukua. Malkia wangu akala malkia wake, farasi wake akala malkia wangu. Farasi wangu akachukua askari wa e5.

Ukihesabu, tuko sawa. Nimerudishiwa askari wangu. Lakini malkia wote wameondoka mezani, hakuna wa kushambulia tena. Askari wangu wa a na wa c wamebaki yatima, kila mmoja peke yake. Wa kwake wamesimama pamoja kama watu wa ukoo mmoja. Tulikuwa tumecheza hatua kumi tu na sikuwa na la kufanya. Alinifinya taratibu mpaka hatua ya 41.

Alipokuwa anapanga kete upya akaniuliza, bila kejeli, "Kijana, ulitoa yule askari ununue nini?"

Sikuwa na jibu. Hiyo video sikuiweka popote. Lakini swali lilinifuata ndani ya mathree mpaka Kangemi, na usiku nikaanza kusoma historia ya hii kitu tunaita gambiti. Nilichopata kimenifanya niandike hii.

Kwanza, mchezo wenyewe. Usidanganywe kwamba chesi ililetwa huku na Waingereza na suti zao. Kiswahili kina neno lake, sataranji, na hilo neno lina safari. Wahindi walikuwa na mchezo unaitwa chaturanga, maana yake vikosi vinne: askari wa miguu, farasi, tembo na magari ya vita. Waajemi wakauchukua wakauita chatrang, Waarabu wakauita shatranj, na sisi tukapata sataranji kutoka kwa Kiarabu, lugha iliyotuachia maneno mengi pwani.

Lakini sataranji ya kale haikuwa na gambiti kama za leo, na sababu ni rahisi. Hakukuwa na malkia. Pale anapokaa malkia alikuwa waziri, na huyo waziri alisonga chumba kimoja tu, kwa pembe. Hata ukimpa mpinzani askari wa bure ili ukimbie kushambulia, utakimbia na nani? Vikosi vilikuwa vinatembea kama jam ya Waiyaki Way saa kumi na mbili jioni.

Mambo yalibadilika mwishoni mwa karne ya 15, huko Uhispania na Italia. Waziri akawa malkia, na malkia akapewa nguvu ya kukata ubao mzima kwa hatua moja. Askofu naye akaongezewa mbio. Ghafla mfalme anaweza kufa mapema kabla hata vikosi vyake vyote havijaamka. Ndio muda ukaanza kuwa na bei. Ukiwa na kete tatu nje na mwenzako ana moja, wewe ni tajiri, hata kama yeye ana askari mmoja zaidi.

Mwaka 1561 padri mmoja wa Uhispania, Ruy López, akaandika kitabu cha chesi, na humo ndimo akalitumia neno gambiti. Lilitoka Italia, gambetto, kutoka kwa neno la mguu. Ni ile mbinu ya mieleka ya kumtega mtu mguu aanguke. Kwa Kiswahili tuna neno kamili kabisa: ngwara. Fikiria hivyo. Ukipiga mtu ngwara, unanyoosha mguu wako mwenyewe, unauhatarisha, kwa sababu unajua ataangukia wapi. Anayenyoosha mguu bila kujua ataangusha nani amejipanga tu kuvunjwa.

Sasa huyo Evans ambaye gambiti yake ilinitia aibu Jeevanjee. Aliitwa William Davies Evans, mtu wa Wales, na hakuwa profesa wala bingwa. Alikuwa nahodha wa meli, anapeleka watu na barua kati ya Wales na Ireland. Miaka ya 1820 akabuni hii hatua ya b4. Napenda hiyo stori sana. Moja ya silaha kali za chesi ya karne ya 19 ilitoka kwa mtu aliyekuwa na kazi yake nyingine, anacheza akipata nafasi. Kama sisi na benchi yetu.

Na hapo ndipo nilipoona kitu. Mchezo ambao watu wengi wanautaja kuwa mtamu zaidi katika historia nzima haukuwa wa kombe. Ulikuwa wa benchi.

London, Juni 1851. Kuna mashindano makubwa ya kimataifa, wachezaji 16, ukipoteza unaenda nyumbani. Adolf Anderssen, mwalimu wa hesabu kutoka Breslau, ndiye atakayeyashinda. Lionel Kieseritzky, aliyekuwa anafundisha chesi kwenye mkahawa wa Café de la Régence huko Paris, alikuwa ameshatolewa raundi ya kwanza, na aliyemtoa ni huyo huyo Anderssen. Malkia wa Uingereza wakati huo ni Victoria, yule ambaye mfanyabiashara A. M. Jeevanjee alikuja kumwekea sanamu kwenye bustani yetu mwaka 1906. Hao wawili wakakaa kucheza mchezo wa kupitisha muda. Hakuna kombe, hakuna pesa.

Anderssen akafungua na Gambiti ya Mfalme: askari e4, halafu askari f4, mle. Kieseritzky akala, akamtishia mfalme kwa malkia, mfalme wa Anderssen akalazimika kusogea na kupoteza ruhusa ya kujificha nyuma ya ngome. Halafu Kieseritzky naye akatoa askari wake wa b. Gambiti juu ya gambiti. Wote wawili hawana haya.

Wacha niruke mpaka hatua ya 18. Anderssen ameshatoa askofu mmoja. Sasa anaacha ngome zake zote mbili wazi zikaliwe. Malkia wa Kieseritzky ameingia mpaka karibu na kona ya nyumbani kwa Anderssen, anakula. Hatua ya 19, badala ya kuokoa ngome iliyobaki, Anderssen anasogeza askari mmoja mdogo mpaka e5. Ukiangalia haraka unaona ni upuzi. Ukitulia unaona yule askari amesimama kwenye njia ambayo malkia wa Kieseritzky angetumia kurudi kumlinda mfalme wake. Ni kama mtu amefunga barabara ukiwa umeenda kujaza kikapu soko la mbali.

Katika toleo tunalolijua leo, hatua ya 22 Anderssen anatoa hata malkia. Hatua ya 23 mfalme anafungwa na farasi wawili na askofu mmoja. Anderssen alikuwa ametoa malkia, ngome mbili na askofu. Kieseritzky alikuwa amepoteza askari watatu tu. Tajiri kabisa, na amekufa. Ngome zake mbili na askofu wake mmoja hawakuwahi hata kutoka nyumbani.

Aliyechapwa ndiye aliyechapisha. Kieseritzky alikuwa na jarida lake la chesi Paris, na ndani ya mwezi mmoja akauweka mchezo huo humo, watu waone alivyopigwa. Mimi nilificha video yangu kwa sababu ya mzee wa Jeevanjee. Baadaye, mwaka 1855, mchezo ukapewa jina la Mchezo Usiokufa. Kieseritzky mwenyewe alikuwa ameshakufa, 1853, maskini.

Mpaka hapo ningeishia, stori ingekuwa tamu: jitose, toa kila kitu, utakuwa jina. Mnazijua hizo video. Mtu amesimama mbele ya gari la kukodi, anakuambia acha chuo, uza kitanda, ingia sokoni. Mimi pia nimewahi kutengeneza moja.

Lakini historia haikuishia hapo. Mwaka 1879 Wilhelm Steinitz, ambaye baadaye alikuja kuwa bingwa wa kwanza wa dunia, aliuchambua ule mchezo. Akaonyesha kwamba hatua ya 18 ya Kieseritzky haikuwa lazima iwe ile. Angekula kwanza ngome ya kona, halafu arudishe malkia wake, angebaki hai. Leo hata simu yako ya elfu kumi inaweza kukuambia hivyo hivyo. Anderssen alikuwa na hatua tulivu bora kuliko kutoa ngome zote mbili. Mchezo Usiokufa una makosa pande zote.

Steinitz ndiye aliyewafundisha watu kitu baridi: chukua askari wa bure, kaa kimya, jilinde, utashinda mwisho. Emanuel Lasker, bingwa kuanzia 1894 mpaka 1921, akaongeza la muhimu zaidi kwa Gambiti ya Evans. Kubali zawadi, halafu irudishe kwa wakati unaoutaka wewe. Mrudishie askari wake, ubadilishane malkia, na umuache na askari wake yatima.

Nilipofika hapo niliweka simu chini. Ni kile kile alichonifanyia Mwalimu, hatua kwa hatua. Mzee hakuwa na bahati. Alikuwa na dawa yenye zaidi ya miaka 100, na mimi nilikuwa na kichwa cha video.

Je, gambiti zilikufa? Hapana. Mwaka 1960 Boris Spassky alimchapa Bobby Fischer kwa Gambiti ya Mfalme. Fischer akakasirika, mwaka uliofuata akaandika makala kusema ufunguzi huo umekwisha kabisa. Baadaye yeye mwenyewe akaucheza na akashinda. Mwaka 1995, pale Riga, Garry Kasparov aliitoa Gambiti ya Evans mbele ya Viswanathan Anand na kumaliza kwa hatua 25. Lakini Kasparov hakuicheza kwa sababu ni jasiri. Alijua hasa anataka kununua nini: muda, njia wazi, na mpinzani ambaye hakutarajia kuulizwa maswali ya mwaka 1820 na kitu.

Huku kwetu pia tuna mifano. Wengi mmeiona filamu ya Queen of Katwe ya 2016, ile Lupita Nyong'o anacheza mama. Stori ni ya kweli, ya Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, na kocha wake Robert Katende. Watoto wa Katwe walikuwa wanakuja kwa Katende kwa sababu kulikuwa na kikombe cha uji. Katende alitoa uji na akajua anataka nini: waje leo, warudi kesho, wajifunze. Mwaka 2012 Mutesi alipata taji la kimataifa kwenye Olimpiadi ya chesi ya Istanbul. Hiyo naiita gambiti. Alitoa kidogo, akajua anangoja nini.

Na tuna mfano wa upande ule mwingine. Aprili 2023, Kenya Open, hapa hapa Nairobi. Mwanafunzi wa chuo, mwanaume wa miaka 25, alijisajili upande wa wanawake, akaja amevaa buibui na nikabu na miwani, haongei na mtu. Alishinda mechi kadhaa kabla hajashikwa. Viatu vilikuwa sehemu ya kilichomuuza. Kwenye barua yake ya kuomba radhi alisema alikuwa na shida ya pesa. Dunia nzima ilicheka. Mimi sikucheka sana, kwa sababu nilijua hiyo shida. Lakini ile haikuwa gambiti. Kwenye gambiti kila kitu kiko mezani. Mpinzani anamuona askari, anaona njia zote, anaamua mwenyewe kama atakula. Ukilazimika kuficha kitu ili mpango ufanye kazi, huo ni mchezo mwingine.

Na ndio maana sitaki kusikia mtu akiita kubeti gambiti. Unatoa 500 unaangalia kile kindege kinapaa kwenye skrini. Unanunua nini hapo? Muda hununui. Njia hufungui. Haijalishi umefikiria dakika moja au saa tatu, kindege hakijui kama uko. Kwenye chesi hakuna bahati ya kusingizia.

Sasa, mimi.

Niliacha chuo mwaka wa pili, semesta ya pili. Kwenye video zangu nimesema mara nyingi kwamba nilichagua, kwamba ilikuwa gambiti yangu. Ukweli ni huu. Mathe anauza mboga soko la Kangemi. Alikopa 35,000 kwa chama chake iwe ada. Alinitumia kwa simu, nikazikaa nazo siku mbili, halafu nikanunua simu nzuri ya mtumba, taa ya kurekodia na maikrofoni. Zikabaki kidogo, nikanunua viatu. Mathe hakujua kwa miezi minne. Alikuwa anaamka saa kumi usiku kwenda kuchukua sukuma, akijua mwanawe yuko darasani.

Ukiniuliza wakati huo ningekuambia nimejitosa kama Anderssen. Lakini swali la Mwalimu linakata: ulitoa yule askari ununue nini? Nilikuwa na mpango wa video ngapi? Hakukuwa na hesabu. Nilikuwa na picha kichwani ya vile nitaonekana nikishinda. Na kitu kingine, kibaya zaidi. Askari niliyemtoa hakuwa wangu. Hata Anderssen alitoa ngome zake mwenyewe.

Wiki mbili baada ya ule mchezo nilimwambia mathe. Sitaandika alichosema. Nitasema tu kwamba hakupiga kelele, na ingekuwa rahisi kama angepiga.

Sasa nafanya ya Lasker. Narudisha. Nimerudisha 14,000 kwenye chama mpaka leo, kutoka kwa video na kazi ya kurekodi harusi wikendi. Zimebaki 21,000. Kurudisha hakunifanyi nipendeze kwenye kamera, na hakuna anayesema "aiii" nyuma yangu. Lakini kila nikituma elfu moja nahisi ubao unatulia kidogo. Kuhusu chuo, tutaangalia hilo deni likiisha.

Kwa hivyo, ukitaka kujitosa, sikukatazi. Mimi bado nacheza gambiti karibu kila Jumamosi, na bado nazipenda. Ila kabla hujasukuma yule askari, jibu maswali matatu kwa sauti. Ni wa nani? Nanunua nini? Na mambo yakienda vibaya, nitarudisha lini? Ukikwama kwa la kwanza, usiguse kete.

Jumamosi iliyopita nilicheza tena Evans dhidi ya Mwalimu. Alipomrudisha askofu wake b6 sikukimbilia kubadilishana malkia. Niliacha mvutano katikati, nikaleta farasi na askofu, nikamuuliza yeye maswali. Alifikiria dakika nzima, jambo ambalo hajawahi kunifanyia. Mwishowe alinichapa tena, hatua ya 52.

"Leo ulikuwa unajua unachonunua," akasema. "Bei ndio bado."

Video ya huo mchezo iko. Nimeiweka yote, mpaka mwisho.